Viti namba 23 na 24

Viti vyetu pale tamashani vilikuwa namba 21 na 22. Vya namba 23 na 24 nilikuwa nimeviuza mwenyewe mtandaoni, kwa mara tatu ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu nilipoviuza, na katika miezi yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba aliyevinunua angekuja kuvikalia. Kwangu mimi mnunuzi alikuwa ni mlio kwenye simu na maneno matatu: tiketi zako zimeuzwa.

Akaja mama wa makamo, amejifunga kilemba cha zambarau, na nyuma yake mama mwingine wa rika lake. Walikuwa wameshikana mikono wasije wakapoteana kwenye ile ngazi ya giza. Nilisimama kuwapisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ishirini na tatu ndiyo hapa?"

Ndiyo, nikamwambia, ni hapa.

Onyesho lilichelewa karibu saa nzima, na watu wanaosubiri pamoja hawakosi mazungumzo. Akanieleza kwamba wao ni marafiki watatu tangu shule ya msingi, na kwamba sauti ya mwimbaji huyu ndiyo waliyokua nayo. Ziara hii ilikuwa ya kuaga, kwa hiyo walikuwa wamekula kiapo kwamba safari hii hawakosi. Siku tiketi zilipotoka alikuwa mtandaoni tangu alfajiri. Alikaa kwenye foleni saa mbili na nusu bila kuiachia simu, hata maji alikuwa akiletewa. Zamu yake ilipofika, ramani ya ukumbi ikafunguka, akagusa sehemu aliyoitaka, ikamjibu zimekwisha. Akagusa ya pembeni, nayo zimekwisha. Akaendelea kugusa hadi ramani nzima ikawa ya kijivu.

"Wiki mbili baadaye tukazikuta hizi kwa mtu," akasema. "Ghali, mwanangu, usiulize. Tulichanga sote watatu zikapatikana mbili. Tukapiga kura. Mwenzetu amebaki nyumbani."

Kisha akaongeza neno ambalo sijaweza kulisahau. "Lakini Mungu ambariki aliyetuuzia. Bila yeye tungekosa kabisa."

Mdogo wangu alikuwa anajua kila kitu. Alinitazama mara moja tu, halafu akageuza uso akaliangalia jukwaa ambalo bado lilikuwa tupu. Mimi nikaitikia, "Amina, mama."

Ni hiyo amina inayonifanya niandike leo.

Nianze na nilivyozipata. Asubuhi hiyo hiyo nami nilikuwa kwenye foleni ile ile, namba yangu ikiwa elfu moja na mia kadhaa. Kila mtu aliruhusiwa kununua tiketi zisizozidi nne. Sisi tulikuwa wawili. Zamu yangu ilipofika, saa ya kuhesabu ilianza kurudi nyuma, dakika nane za kuchagua na kulipa, na kidole changu kikaenda kwenye nne. Sikuwa na mtu wa tatu wala wa nne akilini. Nilijua tu kwamba hizi zitakwisha, na kitu kinachokwisha huwa na bei nyingine kesho yake. Kama kuna aliyeniuliza wakati ule, ningesema ni ziada, huenda binamu akapenda kuja. Ningekuwa nasema uongo.

Wiki mbili baadaye nilizitangaza zile mbili kwenye tovuti ya kuuza tena. Zilinunuliwa kabla ya saa moja kwisha. Tovuti ilipokata ada yake, pesa iliyonifikia ililipa tiketi zote nne na ikabaki iliyotosha jozi ya viatu. Maana yake ni kwamba mimi na mdogo wangu tuliingia bure, na waliotulipia kiingilio ni wale mama wawili pamoja na yule wa tatu aliyebaki nyumbani.

Lugha yetu ina neno la zamani kwa kazi hii: kulangua. Mlanguzi hununua kitu kwa wingi wakati bado kipo, akakaa nacho mpaka wengine wakikose, kisha akawauzia kwa bei anayotaka. Neno hili halikuanza na tiketi. Lakini nililitafakari sana, kwa sababu nilipokuwa nikiuza sikujiita hivyo hata siku moja. Nilijiita mjanja. Niliwahi kusimulia jambo lile kazini, wenzangu wakanipongeza.

Na si jambo la intaneti. Charles Dickens, mwandishi maarufu wa Uingereza, alipokwenda Marekani mwishoni mwa 1867 kusoma hadithi zake jukwaani, tiketi iliuzwa dola 2. Watu walilala barabarani katika baridi kali wakisubiri dirisha lifunguliwe, wengine wakiwa wamebeba magodoro, na wengi katika hao walikuwa walanguzi au vijana walioajiriwa na walanguzi kuwashikia nafasi. Meneja wake, George Dolby, alijaribu kuwekea mtu mmoja kikomo cha tiketi, nao wakaongeza vijana kwenye foleni. Magazeti na wananchi wakamlaumu Dolby kana kwamba yeye ndiye aliyepandisha bei. Nikisoma habari hizo naona kwamba mchezo wenyewe haujabadilika. Kilichobadilika ni idadi ya vijana unaoweza kuwaajiri.

Maana leo kijana huyo ni programu. Januari 2016 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York ilitoa ripoti kuhusu biashara hii, na ndani yake kuna tukio moja ambalo lilinifanya niweke simu chini. Tamasha la bendi ya U2 lilipangwa katika ukumbi wa Madison Square Garden, kikomo kikiwa tiketi nne kwa mtu. Mlanguzi mmoja, kwa kutumia roboti, yaani programu ya namna hiyo, alinunua tiketi 1,012 kwa dakika moja. Kabla yake kulikuwa na kampuni ya Wiseguy Tickets, ambayo waendesha mashtaka wa New Jersey waliifikisha mahakamani mwaka 2010 wakisema ilijipatia tiketi zaidi ya milioni moja kwa kuyahadaa yale majaribio ya herufi zilizopindapinda ambayo sisi wengine huyajaza huku tumekodoa macho. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika foleni za namna hii kisu chenyewe ni mashine, na binadamu amekuja na kidole.

Ningependa kuishia hapo, niseme wabaya ni wenye roboti. Mimi nilikuwa na kidole tu. Lakini hesabu hainiruhusu. Ukiwa na watu elfu tano wenye vidole, kila mmoja akachukua mbili asizozihitaji, hizo ni tiketi elfu kumi. Mama wa kilemba cha zambarau ataikuta ramani ni ya kijivu vilevile, na haitamsaidia kujua kwamba aliyemtangulia alikuwa mtu wa kawaida mwenye mdogo wake na viatu vilivyochakaa.

Sasa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nina rafiki aliyesomea uchumi, na nilipomweleza haya alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia sikumkosea mtu. Mama alitaka tiketi kuliko alivyotaka pesa yake. Mimi nilitaka pesa kuliko tiketi. Tukabadilishana kwa hiari. Yeye mwenyewe akanibariki. Kama kuna mwenye kosa, alisema, ni aliyepanga bei ya chini kuliko ile ambayo watu wako tayari kulipa, maana ile tofauti lazima iende kwa mtu. Isipokwenda kwako itakwenda kwa mwingine. Tena bila wauzaji kama wewe, alisema, tiketi zingebaki kwa wenye muda wa kukaa kwenye foleni tangu alfajiri, na muda nao ni mali ambayo si kila mtu anayo.

Hoja hii ina nguvu na nimekaa nayo wiki nyingi. Ile ya muda naikubali kabisa: muuguzi aliye zamu ya asubuhi hana foleni ya kusimama. Lakini nikimfikiria rafiki wa tatu, hoja inaanza kunivunjikia mkononi. Rafiki yangu anasema bei ya juu hupeleka tiketi kwa anayeitamani zaidi. Yule mama wa tatu aliitamani kiasi cha kutoa pesa yake ili wenzake waende bila yeye. Ni tamaa ipi inayozidi hiyo? Alichokosa ni pochi. Bei ya juu hupima kwa pamoja hamu ya mtu na mfuko wake, halafu matokeo yake tunayaita hamu.

Na kuhusu bei ya chini: sidhani ni makosa ya hesabu. Wanamuziki wengi wanajua fika kwamba wangeweza kutoza zaidi. Mwaka 2023 bendi ya The Cure walipanga ziara ya Marekani wakaweka baadhi ya tiketi kwa dola 20, wakazuia zisihamishwe kwa mtu mwingine pale sheria ilipowaruhusu, na mwimbaji wao Robert Smith alipoona ada za kuuzia zinazidi bei ya tiketi yenyewe akapiga kelele hadharani hadi Ticketmaster, kampuni iliyokuwa ikiziuza, wakakubali kuwarudishia wanunuzi sehemu ya ada hizo. Mtu wa namna hii hajashindwa kujua bei ya soko. Ameikataa. Anataka mbele ya jukwaa wawepo wanaojua maneno ya kila wimbo, wakiwemo wasio na kitu. Ile tofauti kati ya bei yake na bei ya mlanguzi ni zawadi, na imetolewa kwa mtu maalumu: yule atakayekuja kusikiliza. Nilipochukua nne nikiwa na mtu mmoja ubavuni, nilinyoosha mkono nikapokea zawadi ya mwingine, kisha nikamuuzia.

Hapo ndipo ninapoliona kosa langu, na ni mahali tofauti na nilipokuwa nikiliangalia mwanzo. Kwa siku nyingi nilijiuliza kama mara tatu ilikuwa nyingi mno, kama mara moja na nusu ingekuwa halali. Swali hilo halina mwisho. Kosa lilishatendeka kabla sijaandika bei yoyote, asubuhi ile, kidole kilipokwenda kwenye nne. Katika dakika zile nane nilikuwa mbele ya mama huyu kwenye foleni. Viti viwili vilikuwa vinamsubiri, au vinamsubiri aliyekuwa kati yangu na yeye. Nikaviondoa, nikavificha wiki mbili, kisha nikajitokeza kama mkombozi. Baraka alizonipa ni za mtu anayemshukuru aliyemwokoa kisimani bila kujua kwamba ndiye aliyeondoa kifuniko.

Kwa hiyo simhukumu anayeuza kwa sababu ya ugonjwa. Mfanyakazi mwenzangu alipangiwa upasuaji siku ile ile ya tamasha. Akauza tiketi yake kwa bei aliyonunulia, na hata angerudishiwa na ada alizokatwa ningeona ni haki yake. Yeye aliingia kwenye foleni akiwa na nia ya kukaa kwenye kiti. Mimi sasa nina swali moja ninalojiuliza kabla ya kulipa: kama ningekatazwa kabisa kuiuza juu ya bei iliyoandikwa, je, tiketi hii ningeinunua? Zile mbili nisingezinunua.

Kuna watu wananiambia kwamba nalia kwa tone ilhali mto unapita pembeni, na wana hoja. Ripoti ile ile ya New York iligundua kwamba kwa wastani asilimia 46 tu ya tiketi za matamasha makubwa iliyoyachunguza ndizo zilizouzwa kwa umma wa kawaida. Zilizobaki zilitengwa kwa ajili ya wasanii, kumbi, mapromota na wadhamini, au ziliuzwa mapema kwa makundi maalumu kama wenye kadi fulani za benki. Hilo linanikasirisha kuliko ulanguzi wangu, nakiri. Halafu ipo ile bei inayopandishwa na muuzaji mwenyewe wakati watu bado wako kwenye foleni. Tiketi za bendi ya Oasis zilipouzwa Uingereza mwishoni mwa Agosti 2024, watu waliosubiri kwa saa nyingi kusimama mbele ya jukwaa walifika mwisho wa foleni wakakuta tiketi waliyoijua kwa pauni kama 150 sasa ni pauni 355. Hapo hapakuwa na mlanguzi. Ilikuwa ni mauzo ya kwanza kabisa. Wengine wanasema afadhali hivyo, angalau pesa inamfikia anayeimba. Labda. Aliyesimama kwenye foleni hakuambiwa mapema, na mtu aliyekwisha kusubiri saa sita na ana dakika chache za kuamua hayuko huru kama rafiki yangu mchumi anavyodhani.

Lakini uchafu wa mto haunisafishii tone langu.

Sheria zinajaribu. Marekani ilipitisha mwaka 2016 sheria dhidi ya roboti za kununua tiketi, ikakaa zaidi ya miaka minne kabla ya kutumika kwa mara ya kwanza, Januari 2021, dhidi ya kampuni tatu za New York. Mwaka uliofuata, mauzo ya awali ya ziara ya mwimbaji Taylor Swift yalifikia hatua ya mitambo kulemewa na maombi bilioni 3.5, na Bunge la Seneti likaita watu kuhojiwa. Mimi ninazipenda zaidi zile sheria zinazoiacha roboti na kushughulika na faida. Japani tangu Juni 2019 ni kosa la jinai kufanya biashara ya kuuza juu ya bei tiketi zilizouzwa kwa jina la mnunuzi. Adhabu yaweza kuwa kifungo cha hadi mwaka mmoja au faini ya hadi yeni milioni 1. Ireland ilitunga sheria mwaka 2021 inayokataza kuuza tena kwa bei inayozidi ya awali tiketi za kumbi zilizoorodheshwa. Serikali ya Uingereza nayo ilitangaza Novemba 2025 kwamba inakusudia kufanya hivyo. Tamasha la Glastonbury, la huko huko Uingereza, halikusubiri Bunge: kwa miaka mingi mnunuzi hujiandikisha na picha yake, na picha hiyo huchapishwa kwenye tiketi. Ningekuwa nimewekewa mojawapo ya vizuizi hivi asubuhi ile, kidole kingekwenda kwenye mbili chenyewe. Sijivunii kulisema hilo, lakini ndivyo nilivyo, na nadhani wengi wetu ndivyo tulivyo.

Nirudi ukumbini.

Wimbo waliokuwa wakiusubiri ulikuja karibu na mwisho. Taa zilishuka, likapigwa gitaa peke yake, na ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja kabla hata ya neno la kwanza. Mama wa namba 23 akachomoa simu mkobani, akapiga. Sikusikia alichosema, nilimwona tu akiinua mkono juu, simu ikielekea jukwaani, na akaushikilia hivyo wimbo wote, kama dakika sita. Mkono ulipochoka aliuegemeza kwa mkono mwingine. Kwenye kioo niliona jina la aliyepigiwa na dakika zinavyohesabika. Wimbo ulipokwisha alirudisha simu sikioni akauliza, "Umesikia?" Akarudia, kwa sauti kubwa kuliko makofi, "Umesikia?"

Tulipokuwa tunatoka alinishika bega akaniaga vizuri, akamwambia mdogo wangu asome kwa bidii. Njia nzima ya kurudi hatukuzungumza. Tulipokaribia kufika mdogo wangu akauliza, "Utamwambia?" Nikasema sina namba yake. Akasema, "Tovuti wanayo."

Walikuwa nayo kweli, kwa namna fulani: sanduku la ujumbe kati ya muuzaji na mnunuzi, ambalo lilikuwa bado wazi. Ilinichukua siku kumi na moja kuandika. Nilifuta mara nyingi. Mwishowe niliandika kwamba mimi ndiye niliyekuwa kiti namba 22, kwamba ndiye niliyewauzia, kwamba nilizinunua siku ile ile akiwa kwenye foleni wala sikuwa na kazi nazo, na kwamba naomba anipe mahali pa kumrudishia kila kilichozidi bei iliyoandikwa, pamoja na ile ada iliyokatwa na tovuti, ambayo ilitoka mfukoni mwake wala si mwangu. Nilianza na shikamoo na nikamaliza kwa kuomba radhi, kwake na kwa rafiki yake ambaye sikumwona.

Alijibu siku ya tatu. Hakuitikia shikamoo. Aliandika namba ya akaunti, na chini yake jina ambalo nililitambua, lile nililoliona kwenye kioo cha simu.